Injini Isiyotulia: Somo juu ya Mipira na Shokapu ya Injini

Katika somo letu la leo tutazungumza juu ya jambo linalowasumbua madereva wengi, nalo ni injini kurukaruka na kugonga ndani ya gari. Tutaona sababu yake, tutaona hatari yake, kisha tutajifunza kifaa kimoja kidogo kinachouzwa madukani ili kuipunguza hali hiyo. Kifaa hicho ni shokapu ya injini.

Kabla sijaanza, namwomba mwalimu wa kila darasa aandike ubaoni maneno haya matano: injini, mpira, shokapu, bolti, mtikisiko. Ninyi wanafunzi yasomeni polepole, silabi moja moja. Tutayatumia mara nyingi leo.

Haya, tuanze na swali. Kwa nini injini hutikisika? Injini haiwaki kwa mfululizo kama moto wa jikoni, bali hupiga mishindo. Petroli na hewa huingia ndani ya silinda, huwashwa, na mshindo ule huisukuma pistoni chini. Injini ya silinda nne, kila ikizunguka mara moja, hupiga mishindo miwili. Gari likisimama huku injini inawaka, injini huzunguka kama mara 800 kwa dakika. Basi fanyeni hesabu: 800 mara 2 ni 1,600. Ndiyo kusema injini hupiga mishindo 1,600 kwa kila dakika, hata kama gari halisogei. Huo ndio mtikisiko mdogo mnaousikia mkiweka mkono juu ya usukani.

Lakini uko mtikisiko wa pili, ulio mkubwa zaidi. Huu hutokea dereva anapoondoa gari, anapobadili gia, au anapokanyaga mafuta kwa ghafula. Ili mwelewe, mkumbukeni mtu anayesukuma mtumbwi kwa pondo. Anausukuma mchanga nyuma, na mtumbwi unakwenda mbele. Kila nguvu ina nguvu nyingine ya kuipinga. Vivyo hivyo injini inapoyazungusha magurudumu upande mmoja, yenyewe hutaka kuzunguka upande wa pili. Kama isingefungwa, ingepinduka ndani ya gari.

Nguvu hiyo ni kubwa kiasi gani? Tuichukue injini ndogo ya kawaida. Fikirini mti mmoja wenye urefu wa mita moja, umekazwa upande mmoja kwenye fito kuu la injini, na upande wa pili umening'inizwa mzigo wa kilo 10. Injini yetu inaweza kuuinua mzigo huo. Kilo 10 si nyingi, hata mtoto mkubwa atazibeba. Lakini kati ya injini na magurudumu ziko gia. Tuseme gia ya kwanza pamoja na gia za difu zinazidisha nguvu mara 13. Basi 10 mara 13 ni 130. Sasa ni kilo 130 mwishoni mwa mti wa mita moja.

Katika gari ambalo injini yake imelazwa kukingama na huvuta magurudumu ya mbele, injini, giaboksi na difu vimeungana pamoja. Kwa hiyo mzigo huo wote huangukia vile vifaa vinavyoishika injini. Na kama kutoka kifaa cha chini hadi kifaa cha juu ni nusu mita tu, mzigo unakuwa maradufu, yaani kilo 260. Huo ni uzito wa magunia mawili ya mahindi na zaidi. Mzigo huo huvuta upande mmoja gari likienda mbele, na huvuta upande wa pili likirudi nyuma. Tena huja na kuondoka kwa ghafula, mara mamia kwa siku, hasa kwa gari la teksi linalosimama na kuondoka kila mara.

Sasa, ni kitu gani kinachoishika injini? Zamani, katika magari ya kwanza, injini nyingi zilifungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye chuma cha gari. Haikuweza kusogea, lakini kila mshindo wake uliingia katika viti, katika sakafu na katika mifupa ya abiria. Katika mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitoa gari la Plymouth lililokuwa na mpango mpya. Injini yake ya silinda nne ilikalia mipira mahali pawili, mbele juu na nyuma chini, ili iweze kubembea juu ya kiini cha uzito wake. Pembeni ikawekwa springi bapa ya kuizuia isibembee kupita kiasi. Kampuni ya Citroën ya Ufaransa iliupenda mpango huo, ikanunua ruhusa ya kuutumia katika magari yake.

Tangu wakati huo karibu magari yote ya petroli na dizeli hukalisha injini juu ya mipira. Mafundi wengi huiita mauntini. Sisi leo tutasema mipira ya injini. Gari dogo la kawaida huwa nayo mitatu au minne. Kila mmoja ni kipande cha mpira kilichogandishwa kwa nguvu katikati ya vyuma viwili. Chuma kimoja hufungwa kwenye injini au giaboksi, cha pili hufungwa kwenye mwili wa gari.

Wasikilizaji, hapa ndipo penye kiini cha somo letu, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Mpira wa injini umepewa kazi mbili, na kazi hizo zinagombana. Kazi ya kwanza ni kuishika injini isirukeruke. Kwa kazi hiyo mpira mgumu ndio bora. Kazi ya pili ni kuizuia mishindo ile 1,600 isiingie ndani ya gari. Kwa kazi hiyo mpira laini ndio bora. Ukiweka mpira mgumu, injini inatulia lakini gari lote linatetemeka. Ukiweka mpira laini, gari linatulia lakini injini inabembea. Watengenezaji wa magari huchagua katikati, na mara nyingi hupendelea ulaini, kwa sababu mnunuzi hupenda gari lisilo na kelele.

Shokapu ya injini ilibuniwa ili kuamua ugomvi huo. Mnaijua shokapu ya gurudumu. Springi hubeba uzito wa gari, lakini springi peke yake ikipigwa na shimo ingeendelea kurukaruka. Shokapu huzuia mruko huo. Ndani yake mna mafuta na pistoni yenye matundu membamba. Ukiivuta polepole, mafuta hupita bila shida, nayo haikupingi sana. Ukiivuta kwa ghafula, mafuta hayawahi kupita, nayo hupinga kwa nguvu. Shokapu ya injini ni hivyo hivyo, ila ni ndogo, urefu wake hauzidi sana shubiri moja au moja na nusu. Upande mmoja hufungwa juu ya injini, upande wa pili hufungwa kwenye mwili wa gari. Dereva akikanyaga mafuta kwa ghafula, injini inataka kuruka, shokapu inaivuta. Mruko unapungua, na kurudi kwake kunapungua.

Lakini angalieni sana neno hili: shokapu haibebi uzito wa injini. Uzito hubebwa na mipira. Kwa hiyo shokapu ni msaidizi wa mpira mzima. Si badala ya mpira uliokufa. Mtu akiona injini inagonga, akaenda dukani kununua shokapu inayong'aa na kuifunga juu ya mipira iliyopasuka, amelipaka rangi jipu. Mlio utapungua kwa siku chache, naye atadhani amepona, huku chuma kinasagana na chuma chini kwa chini. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe ni mpira.

Pengine mmoja wenu atauliza: injini ikirukaruka kidogo kuna hatari gani? Nitatoa mifano miwili ya kweli.

Mfano wa kwanza ni gari dogo la Uingereza liitwalo Mini, lililobuniwa na Alec Issigonis, likatolewa mwaka 1959 na kutengenezwa hadi mwaka 2000. Ili kubana nafasi, injini yake ililazwa kukingama, na giaboksi ikawekwa chini yake. Juu kikawekwa chuma kifupi kama fimbo, kuunganisha injini na ukuta wa bati ulio mbele ya miguu ya dereva. Kila mwisho wa chuma hicho una bushi za mpira. Bushi hizo zikilika, injini hubembea mbele na nyuma, klachi hutetemeka dereva anapoondoa gari, na bomba la moshi hupasuka kwa kukunjwa kila mara. Wenye magari hayo wakajifunza kubadili bushi, na wengine wakafunga chuma cha pili cha kusaidia. Tazameni: bushi ndogo ya bei nafuu ilivunja bomba la bei kubwa.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Huko Marekani, kampuni ya General Motors ilitengeneza mamilioni ya magari, hasa Chevrolet za miaka ya 1965 hadi 1969, ambayo mipira yake ya injini iliweza kukatika. Mpira wa kushoto ukikatika, injini ilijiinua upande huo dereva anapokanyaga mafuta. Ilipojiinua, ilivuta vyuma vinavyofungua mafuta. Mafuta yakazidi, injini ikapata nguvu zaidi, ikazidi kujiinua. Gari likakimbia lenyewe, na katika baadhi ya magari msaada wa breki ukapotea pia. Mwezi wa Desemba 1971 kampuni iliyaita magari karibu milioni 6.7 yarudishwe kwa mafundi. Dawa waliyofunga ilikuwa waya mnene wa chuma, wa kuizuia injini isiinuke kupita kiasi kama mpira ukikatika. Watu walikuwa hatarini kwa sababu ya kipande cha mpira ambacho dereva hakioni mpaka afungue boneti.

Magari mengi ya siku hizi hufungua mafuta kwa umeme, hayana tena vyuma vile. Lakini bado yana mabomba ya petroli, mipira ya maji ya rejeta, waya wa ethi unaounganisha injini na mwili wa gari, na shafti za magurudumu ya mbele. Vyote hivyo huvutwa injini inaporuka. Kwa dereva wa teksi, bomba la maji likichomoka njiani ni siku nzima ya kazi iliyopotea, na injini ikichemka huenda ni gari zima.

Basi, jinsi ya kupima. Kazi hii yataka watu wawili. Egesheni gari mahali tambarare na wazi, msiwe ndani ya gereji iliyofungwa, kwa maana moshi wa gari huua. Wekeni vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu, na vuteni breki ya mkono. Mtu wa kwanza akae kwenye usukani na kukanyaga breki kwa nguvu. Wa pili asimame pembeni ya gari, boneti ikiwa wazi. Asisimame mbele, wala asisimame nyuma. Nguo zake zisining'inie karibu na feni. Gari la klachi, dereva aingize gia ya kwanza na kuiachia klachi kidogo tu, kisha aikanyage tena. Halafu afanye hivyo kwa rivasi. Gari la otomatiki, aingize gia ya mbele, kisha rivasi, bila kuachia breki.

Msaidizi aitazame injini. Ikisogea kiasi cha upana wa kidole na kurudi taratibu, si ugonjwa. Mpira umewekwa ili isogee. Ikiruka zaidi ya hapo, au ikigonga kwa mlio wa chuma, au ikiinuka upande mmoja tu, mpira umekufa. Kisha zimeni injini, mwachieni apoe, mmulike kila mpira kwa tochi. Tafuteni nyufa, mpira uliobanduka kwenye chuma chake, au mafuta yanayovuja. Oili ya injini ikiudondokea mpira hulainika na kuharibika, kwa hiyo zibeni mvujo kwanza. Baadhi ya mipira ina maji maalumu ndani yake; ukiona imelowa weusi, imepasuka.

Ukikuta mpira mbovu, badili mpira. Msisahau kuitegemeza injini kwa jeki na kipande cha ubao kabla ya kulegeza bolti hata moja, na mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Mara nyingi mpira mpya humaliza shida yote, na shokapu haihitajiki tena.

Ikiwa mipira yote ni mizima, na bado injini inabembea kwa sababu ya kazi nzito au njia mbaya, hapo shokapu ina faida. Kuifunga kuna kanuni sita. Mwalimu aziandike ubaoni kwa ufupi.

Kwanza, nunua iliyotengenezwa kwa gari la namna yako, yenye vishikizo vyake. Kishikizo cha kubuni kwa kipande cha bati kitakunjika.

Pili, ifunge juu ya injini, mbali na mahali inapobembelea. Mkicheza pembea, ni rahisi kuizuia kwa kushika ncha kuliko kwa kushika katikati.

Tatu, ielekeze upande ule ule ambao injini hubembea. Injini iliyokingama hubembea mbele na nyuma. Iliyolala kwa urefu wa gari hubembea kushoto na kulia. Shokapu iliyokaa upande usiohusika haifanyi kazi.

Nne, chagua mahali imara pa kufunga. Kwenye injini, tumia sikio la chuma la kuinulia injini, au bolti nene iliyoingia katika silinda hedi, na bolti mpya iingie kwa kina kile kile cha zamani. Usitumie vibolti vya kifuniko cha vali, vitakatika na oili itavuja. Kwenye mwili wa gari, tumia mahali palipotiwa nguvu, kama pale juu panapofungwa shokapu ya gurudumu la mbele. Usitumie bati jembamba linaloshika rejeta.

Tano, injini ikiwa imezimwa na imetulia, shokapu iwe katikati ya mwendo wake, iweze kufunga na kufunguka sawasawa. Ikiwa imefungwa kabisa, itagonga mwisho na kuvunja kishikizo. Bushi za mpira ziwepo pande zote mbili. Tena isiguse bomba la petroli, bomba la breki, waya wala bomba la moshi linalowaka moto.

Sita, rudia jaribio lile la watu wawili. Halafu endesha taratibu, na baada ya kilomita 100 hivi kaza bolti tena.

Mtasikia tofauti gani? Gari litaondoka bila kugonga, na gia zitaingia vizuri zaidi. Pengine mtasikia mtetemeko kidogo zaidi kwenye usukani gari likisimama, kwa sababu sasa iko njia mpya ya chuma kati ya injini na mwili. Ukizidi sana, shokapu ni ngumu mno au imekazwa vibaya. Tena nguvu za injini hazitaongezeka hata kidogo, ingawa wauzaji wengine huwaambia hivyo vijana wapendao mbio.

Wasikilizaji wapenzi, muda wetu umekwisha. Kesho asubuhi, mwenye gari afungue boneti, na asiye na gari amwombe jirani amruhusu kutazama. Ihesabuni mipira ya injini na muandike katika daftari kila mmoja uko wapi. Mtakapokutana tena darasani, kila mtu asome alichoandika. Kwaherini.

MASWALI YA DARASA

1. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 900 kwa dakika, hupiga mishindo mingapi?

2. Mpira wa injini una kazi mbili. Zitaje, ueleze kwa nini zinagombana.

3. Injini inaweza kuinua kilo 15 mwishoni mwa mti wa mita moja. Gia huzidisha nguvu mara 12. Mzigo ni kilo ngapi kwa mita moja? Na kwa nusu mita je?

4. Dereva amefunga shokapu mpya, lakini mpira mmoja umepasuka. Mwandikie barua fupi ya kumshauri.

5. Kwa nini msaidizi husimama pembeni ya gari, wala si mbele yake?

Majibu ya hesabu: swali la 1, mishindo 1,800. Swali la 3, kilo 180, kisha kilo 360.